Watu Wanaobusu Samaki

Paskali Msengi hakuwa na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wake wa mwisho alikufa mwaka wa ukame akiwa amebaki ngozi na macho. Hakuwa na meno ya upande wa kushoto. Hakuwa na baiskeli yenye breki, hakuwa na saa inayotembea, wala hakuwa na mtoto wa kiume wa kumtuma dukani. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, maana yeye alisoma jioni, baada ya jembe, kwenye darasa la watu wazima, karabai ikivuma na mbu wakimla miguu. Jambo hilo halikumtia aibu hata chembe. Aliwasikitikia waliosoma mchana, wakati akili imeshika joto na inataka kulala. Hakuwa na mtu wa kumsikiliza ipasavyo, ukimtoa mkewe Loyce, ambaye alimsikiliza huku akichambua mlenda na kuwaza mambo yake mengine. Zaidi ya yote, hakuwa na uvumilivu na upumbavu, na hapo kijijini Kinandili, chini ya mteremko, ukingoni mwa mbuga ya Wembere, upumbavu haukuwa bidhaa ya kutafuta kwa tochi.

Alichokuwa nacho ni bwawa.

Kila mvua zikinyesha vizuri, mbuga hujaa maji mpaka mtu asijue mto umeishia wapi na nchi imeanzia wapi. Maji yakiondoka, huacha mabwawa. Karibu na Kinandili yalibaki matatu: makubwa mawili upande wa barabara, na dogo moja mwishoni mwa shamba la mtama la Paskali. Humo kwenye lile dogo ndimo walimobaki perege wa mbuga. Samaki mwenyewe si wa kutisha. Ana ukubwa wa kiganja, ni mweusimweusi, na mkia wake una upindo wa rangi ya kutu, kama kanga iliyofuliwa na maji ya bomba bovu. Lakini mama yake Paskali alikuwa akimpika kwa karanga, na Paskali alishakula vyakula vingi maishani, vikiwemo vya harusi za matajiri, na hakuona kilichomfikia perege yule.

Kwenye mabwawa makubwa perege walikuwa wamekwisha. Miaka ya nyuma walikuja watu wa klabu ya ndoano kutoka Singida mjini, wakamwaga humo sato waliowaleta kwenye mapipa ya plastiki. Walitaka samaki anayevuta. Perege wa mbuga, walisema, havuti. Unamtoa majini kama unatoa soksi ndooni. Basi sato wakakua, wakala chakula cha perege, wakawafukuza kwenye viota vyao vya tope, na mwisho wakazaa nao. Wakatoka machotara ambao si sato wala si perege, na ladha yao, kwa maneno ya Paskali, ilikuwa ladha ya kadibodi iliyolowana.

Ndipo akaja Jesca, afisa uvuvi wa wilaya, binti mfupi mwenye buti kubwa kuliko yeye, akaitisha mkutano wa kijiji. Alisema serikali haitaki kuifukuza klabu, kwa sababu klabu inaleta wageni, na wageni wananunua kuku na maji na wanalala kwenye nyumba za watu. Lakini perege wa mbuga wanakaribia kwisha duniani. Kwa hiyo kila mmoja apewe chake. Klabu ichukue mabwawa makubwa na sato wake. Bwawa dogo lifungwe, lijengewe tuta na waya, liwe la perege. Maji yakipungua, kabla ya mvua kurudi, Jesca atakuja kukagua. Akikuta watoto wa perege safi, watapelekwa kwenye mabwawa mengine ya mbuga, na kazi itaendelea. Akikuta machotara, mradi umekufa, na bwawa dogo nalo litakabidhiwa klabu.

Paskali alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la mkutano na kofia yake ya pama.

"Bwawa ni langu," alisema. "Perege ni wa Wembere. Mlinzi ni mimi. Akiingia sato mle ndani, mnivue kofia hii mbele ya mkutano, na nisisimame tena kusema neno katika kijiji hiki."

"Kofia yenyewe ina tundu!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Tundu la kofia yangu lina akili kuliko kichwa chako," Paskali alijibu bila kugeuka, na mkutano ukacheka. Lakini kila mmoja aliyasikia maneno yale, na Kinandili ni kijiji kinachosahau deni la chumvi lakini hakisahau kiapo cha mwenziwe.

*

Mashindano ya klabu yalifanyika maji yakiwa bado mengi.

Paskali aliwaona wakishuka na magari yao, akatema mate. Walivaa vizibao vyenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka. Walikuja na viti vinavyokunjwa, miwani myeusi, kofia za kamba shingoni, na fimbo za kuvulia nyembamba kama antena za redio. Na kwa nini? Hilo ndilo lililomchoma. Mtu mzima, mwenye mke na duka, anaamka alfajiri, anapita Misigiri, anateremka mteremko wote ule na vumbi lake, anakaa juani, anamchoma samaki mdomo, anampima kwa rula, anambusu mbele ya simu, kisha anamrudisha majini. Na ukimuuliza anafanya nini, anasema anapumzika.

"Nimeona watu wakila samaki," alimwambia Loyce. "Nimeona watu wakiuza samaki. Hata kuiba nimeona. Lakini kumwomba samaki msamaha na kumwambia nenda salama, hilo nililiona kwa mara ya kwanza kwa watu wenye magari."

"Baba Editha, wewe hawajakubusu," Loyce alisema. "Wacha wambusu wanayemtaka."

Elisha, mwenyekiti wa kijiji, mtu ambaye Paskali alimfananisha na mlango wa dukani kwa jinsi alivyomfungukia kila anayemsukuma, alikuja asubuhi ile kuuliza mahali pa kusimamishia hema la klabu. Kawaida lilisimamishwa uwanjani, karibu na nyumba ya Paskali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hapa hapana."

"Sijauliza bado, Mzee."

"Umekuja na uso wa kuuliza. Hapa sitaki. Mwaka jana walinipigia muziki mpaka kuku wakasusa kutaga. Wapeleke kule kwenye kivuli cha migunga, nisione sura zao."

Elisha alijikuna shingo. "Kule kwenye migunga si ndiko kando ya bwawa lako?"

"Kuna tuta. Kuna waya. Kuna kibao nilichokiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: BWAWA HILI HALIVULIWI. Wanajua kusoma, au wanajua kubusu tu?"

"Haya, Mzee. Na wewe hutakuja kuangalia? Wewe si ndiye mlinzi?"

"Mimi nilinde perege. Sikuajiriwa kulinda wendawazimu."

Basi siku nzima Paskali alikaa nyuma ya nyumba yake akitengeneza mpini wa jembe, mgongo kwa migunga, akifurahia sana kutowaona. Kusikia alisikia. Kipaza sauti kilifika mpaka jikoni. Kilitangaza majina, kilitangaza urefu wa samaki, kilimkaribisha mgeni rasmi, bwana mkubwa mmoja wa mjini aliyekuja kutoa kombe. Mchana ulipoanza kulegea, sauti ya Fredrick, mwenyekiti wa klabu, ilipanda.

"Ndugu zangu! Samaki wote walioshindaniwa leo wako hapa kwenye ndoo, wazima kabisa! Na sasa, kwa heshima ya pekee, mgeni rasmi atamrudisha majini bingwa wetu! Hatuna haja ya kumtesa kwa safari ya kumrudisha kule alikotoka. Maji yako hapa hapa pembeni mwa hema! Makofi!"

Mpini ulimdondoka Paskali.

Alikimbia. Mzee wa umri wake hakimbii mbele za watu, lakini alikimbia, kofia mkononi, akikata mtama wake mwenyewe kwa magoti. Alipofika kwenye migunga, mgeni rasmi alikuwa ameinama kwenye tuta na suruali yake nyeupe, akitabasamu upande wa simu, na mikono yake mitupu ilikuwa ikidondosha maji. Waya ulikuwa umeinuliwa na kuegemezwa vizuri kwenye kibao. Nyuma ya bwana yule, wanachama wa klabu walisimama kwenye foleni ya heshima, kila mmoja na ndoo yake. Ndoo zote zilikuwa tupu.

"Mmefanya nini?" Paskali aliuliza.

Fredrick alimjia kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene, mwenye duka la vipuri vya magari mjini, na alikuwa na furaha ya mtu ambaye mambo yake yamekwenda kama alivyopanga.

"Mzee wangu, shikamoo! Ulikuwa wapi? Umekosa mambo mazuri. Hakuna hata mmoja aliyekufa!"

"Mmewatia sato humu."

"Tumewarudisha, Mzee. Sisi hatuui. Ndiyo sheria yetu ya kwanza."

"Mmewarudisha wapi? Walitoka humu? Mtu akikamatwa Mkiwa, akaachiwa Dodoma, utasema amerudishwa kwao?"

Watu wachache walicheka. Fredrick aliangalia maji, akaangalia kibao.

"Tulisoma kibao, Mzee. Kimesema hapavuliwi. Hatujavua."

"Hujavua!" Paskali aligeukia watu wote. "Hajavua! Ameingia nyumba ya watu, amewaachia chui sebuleni, sasa anajisifu kwamba hakuchukua kijiko!"

"Mzee, punguza maneno, mgeni rasmi yupo."

"Nimemwona. Amelowa. Mwambie asijifutie kwenye waya wangu."

Hapo Jesca alifika, akihema, kutoka bwawa kubwa la mbali alikokuwa akipima maji. Hakuhitaji kuelezwa. Aliona waya, akaona ndoo. Hakumgombeza mtu. Aliuliza tu walikuwa sato wangapi, na hakuna aliyejua kwa hakika, maana kila mmoja alihesabu wa kwake tu. Kisha akamtazama Paskali.

"Shikamoo, baba. Nani aliruhusu hema likae hapa?"

Elisha alianza kutazama miti ya migunga kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Paskali alivaa kofia yake.

"Mimi," alisema.

*

Jesca alisema kuna njia nne, na tatu kati ya hizo ni mbaya. Ukimwaga dawa, unaua wote. Ukikausha bwawa, unaua wote. Ukikokota wavu, unafagia viota vya perege kule chini kwenye tope, na majike yenye mayai mdomoni yanayatema kwa hofu. Njia ya nne ni kuwatoa sato mmoja mmoja, kwa mkono mwepesi, kabla hawajaanza kuzaa na perege. Yeye hakuwa na watu wala nafasi ya kukaa hapo. Wilaya nzima ilikuwa inamsubiri na buti zake. Angerudi kukagua kama walivyopatana.

"Bwawa hili dogo, baba. Mtu akiwa na subira anawatoa."

"Subira ninayo," Paskali alisema, na Loyce, aliyekuwa amesimama karibu, aligeuka akaangalia upande mwingine.

Alianza kwa njia aliyoijua. Alisuka migono, mitego ya vijiti yenye mdomo mpana na koo jembamba, kama alivyosuka baba yake. Watu walipita wakamuuliza kama amepata wazo la kufuga kuku majini. Aliizamisha migono pembeni ya matete, na siku iliyofuata akaiinua. Ilikuwa imejaa. Ilijaa perege. Waliingia kwa wingi wakakosa hewa, wakabanana, na upindo wa kutu wa mikia yao ulikuwa umetoka nje ya vijiti kama ndimi. Sato hakuwamo hata mmoja. Sato alikuwa anaelea pale mbele, mnene, akimwangalia.

Paskali aliwatoa perege wale akawaweka kwenye beseni. Loyce akawatazama.

"Niwapike?"

"Wapike," alisema. Na walipopikwa, kwa karanga, kama mama yake alivyowapika, alishindwa kumeza. Ilikuwa ladha ile ile. Akasogeza sahani.

Baada ya hapo akaenda ofisi ya kijiji kuchukua fimbo. Klabu ilikuwa imeacha fimbo moja ya kuvulia, zawadi kwa kijiji, na kwa kuwa kijiji hakikujua la kufanya nayo, Elisha alikuwa akiitumia kuangushia mapapai. Paskali aliibeba nyumbani chini ya koti kama mtu aliyeiba. Alikaa kwenye tuta lake, mgongo kwa kijiji, akaanza kujifundisha. Vitu vingi maishani alikuwa amejifundisha mwenyewe: kusoma ramani, kupiga hesabu za eneo, hata kuchoma sindano za ng'ombe. Hakuona kitu ambacho Fredrick wa vipuri angekiweza, yeye akashindwa.

Mara ya kwanza ndoano ilinasa kofia. Mara ya pili ilinasa mgunga, na ilibidi akate uzi. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchota maji walisimama kumwangalia.

"Babu, shikamoo! Mgunga una mafuta mwaka huu?"

"Marahaba. Pita na ndoo yako."

Lakini aling'ang'ana, akaweza. Akaweka donge la ugali, akarusha, na uzi ukavutwa kwa nguvu iliyompandisha moyo mpaka shingoni bila idhini yake. Alimtoa sato. Sato mkubwa, mwenye michirizi mkiani, aliyepiga tuta kwa mkia wake kama mtu anayekung'uta mkeka. Paskali alimtazama, na furaha ilimjia ghafla, furaha ya mifuko mingi na miwani myeusi, akaichukia, akaikanyaga. Akampiga sato kichwani kwa jiwe.

Aliyefuata alikuwa perege.

Huyu alipaswa kurudi. Paskali alimshika, kiganja kikavu, akakaza ili asiponyoke. Ndoano ilikuwa imeingia ndani. Ile ncha ndogo ya nyuma, inayozuia samaki asichomoke, ilikuwa imeshika nyama. Alivuta. Mdomo ukachanika. Na kutoka kwenye mdomo ule uliochanika yakadondoka mayai, madogo, ya manjano, yakabaki kwenye vidole vyake kama punje za mtama. Alimweka majini taratibu. Perege aligeuka tumbo juu.

Alijaribu tena. Akampata sato mmoja, na perege watatu. Wale watatu wote walikufa mikononi mwake, mmoja baada ya mwingine, huku akiwaambia maneno ambayo hakutaka mtu ayasikie. Alikuwa anawaomba msamaha.

Aliinua kichwa. Loyce alikuwa amesimama nyuma yake na bakuli la uji. Haikujulikana amesimama tangu lini.

"Hao watu wa klabu," alisema Loyce, "nilimwona mama mmoja siku ile. Analowesha mikono kwanza. Ndoano zao hazina kile kijino cha nyuma; nilimuuliza, akanionyesha. Anamtoa samaki akiwa bado ndani ya maji. Hata hajui kama ameshikwa."

"Unanieleza nini, Mama Editha?"

"Nakueleza nilichoona. Wewe ulikuwa umewapa mgongo."

Paskali alikunywa uji. Ulikuwa wa moto, lakini aliunywa wote bila kupumua, kama adhabu.

"Kazi yao yote," alisema mwishowe, "ni kumtoa samaki na kumrudisha mzima. Hawajui kingine. Hawajui kulima, hawajui kusuka, hawajui kusoma kibao. Mungu amewapa ujuzi mmoja tu, usio na maana mahali popote duniani."

"Isipokuwa hapa," alisema Loyce.

"Isipokuwa hapa."

"Basi waite."

"Niwaite! Watu wale! Nimwambie nini Fredrick? Kwamba njoo, nimeshindwa? Atacheka mpaka mifuko yake yote ijae."

"Atacheka," Loyce alikubali. "Acheke. Sato wakizaa humu, watakuvua kofia mkutanoni, na Fredrick atacheka hivyo hivyo, halafu bwawa liwe lake. Chagua kicheko."

Paskali alitazama bwawa. Katikati ya maji, sato mmoja mkubwa, huenda yule aliyebusiwa na mgeni rasmi, alikuwa akizunguka juu ya mahali penye viota, pole pole, kama mpangaji mpya anayekagua vyumba.

*

Aliandika barua. Simu alikuwa nayo, lakini simu ni maneno, na mtu wa vipuri akishika maneno huyakana. Barua rasmi ina anwani kulia, tarehe chini yake, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Hayo alifundishwa kwenye darasa la jioni, na hakuna siku aliyoandika barua bila kukumbuka kwamba wengi waliosoma mchana hawajui mstari unapigwa wapi.

Alimsomea Loyce ya kwanza.

"'Kwenu ninyi wendawazimu wa Singida mjini...'"

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Umemaliza. Andika nyingine."

Ya pili iliwaita vipofu, na Loyce akasema mtu huwezi kumwita kipofu halafu ukamwomba akusaidie kutazama. Ya tatu ilikuwa fupi mno. Ilisema tu njooni mwondoe uchafu wenu, na Loyce akauliza kama ameandikia klabu au wazoa taka. Paskali alisema haoni tofauti. Lakini aliichana, akalowesha ncha ya kalamu mdomoni, akainama juu ya karatasi mpaka kofia ikagusa meza. Ya nne aliisoma akiwa amesimama.

"'Kwa Mwenyekiti wa Klabu. Yah: Kuja kuwatoa sato. Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mliwatia sato katika bwawa la perege. Kosa la kuwatia ni lenu. Kosa la kuweka hema lenu hapo ni langu, kwa sababu sikutaka kuwaona. Nimejaribu kuwatoa kwa mgono na kwa fimbo mliyoiacha kijijini, nikaua perege kuliko sato. Ninaambiwa kwamba mnajua kumtoa samaki bila kumwumiza. Hapa ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo ujuzi huo unahitajika. Kwa hiyo njooni. Njooni wengi, na ndoano zisizo na kijino, na mikono iliyoloweshwa. Masharti ni haya: perege atarudishwa majini. Sato hatarudishwa, hata akiwa mzuri namna gani, hata mkimwonea huruma. Ataliwa hapo hapo kwenye tuta, na mke wangu atampika. Mtu atakayekataa kumla asije. Mkitimiza haya, mabwawa makubwa yatabaki yenu kama tulivyopatana, na mimi sitayasema vibaya mkutanoni. Nyumbani kwangu nitasema ninachotaka.'"

Loyce alikuwa ameacha kuchambua mboga.

"Na kumbusu?" aliuliza. "Hujaandika kuhusu kumbusu."

Paskali alikaa tena, akafikiri, akaongeza mstari chini ya saini yake, na huo nao akausoma kwa sauti.

"'Perege mnaweza kumbusu. Lakini afanye hivyo mtu ambaye hajavuta sigara.'"

Loyce alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Paskali hakucheka. Alikunja karatasi mara tatu, sawasawa, kona kwa kona, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka zamani, kwa hiyo alichukua uji wa ulezi uliobaki kwenye bakuli, akaupaka kwa kidole ukingoni, akabana. Uliacha alama ya kahawia. Akaandika jina la Fredrick kwa herufi kubwa, zile zile za kibao, akavaa koti la mkutano, akapanda bodaboda mpaka Misigiri.

Basi la kwenda Singida mjini lilikuwa limeshawasha injini. Paskali aligonga dirisha la mbele.

"Shikamoo, mzee. Unasafiri?" konda aliuliza.

"Marahaba. Barua ndiyo inayosafiri. Duka la vipuri la Fredrick, karibu na stendi. Umpe mkononi."

Konda aliipokea, akaigeuza, akanusa ile alama ya kahawia.

"Mzee, umefunga kwa nini hii? Inanukia chakula."

"Imefungwa," alisema Paskali. "Nenda nayo."